Kitabu Ruksa, Disketi Silaha: Nani Aliamua Usimbaji Upi Uuzwe Nje ya Marekani? (Sehemu ya Pili)

Mwaka 1994 mhandisi mmoja Mmarekani, Phil Karn, aliiandikia Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi yake akiuliza kama kitabu cha Bruce Schneier, Applied Cryptography, kinaruhusiwa kupelekwa nje. Kitabu chenyewe kilikuwa tayari kinauzwa madukani, na sehemu yake ya mwisho ilijaa programu za usimbaji fiche zilizochapwa neno kwa neno. Wizara ikamjibu kwamba kitabu hakina neno, kinaweza kwenda popote. Karn akaandika tena. Safari hii aliulizia disketi yenye programu zilezile zilizomo kitabuni. Akajibiwa kwamba disketi hiyo ni zana ya kivita. Iko katika orodha moja na vifaru na makombora, na atakayeitoa nje bila kibali anaweza kufungwa hadi miaka 10 na kutozwa faini hadi dola milioni 1.

Karn hakukubali, akaenda mahakamani. Machi 1996 Jaji Charles Richey wa Washington aliitupa kesi yake. Sheria ya udhibiti wa silaha ilikuwa imewafunga majaji mikono: walikatazwa kuhoji kwa nini kitu fulani kimetiwa katika orodha ile. Kwa hiyo mtu aliyekaa London aliruhusiwa kununua kitabu, akakaa mbele ya kompyuta yake na kuichapa upya programu yote, na serikali ya Marekani isingekuwa na la kumfanya. Kosa lilikuwa kumrahisishia kazi ya kuchapa.

Wiki iliyopita tulieleza ufunguo wa siri unavyofanya kazi na kwa nini urefu wake, unaopimwa kwa biti, ndio unaoamua uimara wake. Leo tutazame waliokuwa wakijibu barua kama zile za Karn. Bahasha zilikuwa na nembo ya Wizara ya Mambo ya Nje. Uamuzi ulitoka kwingine.

Ofisi ya wizara iliyotoa vibali vya silaha ilizoea bunduki, ndege na vipuri. Ombi lililohusu usimbaji lilipelekwa Fort Meade, jimboni Maryland, yaliko makao makuu ya Shirika la Usalama wa Taifa, NSA. Shirika hilo liliundwa mwaka 1952 kwa amri ya siri ya Rais Truman, na kazi yake kubwa ni kunasa na kusoma mawasiliano ya mataifa mengine. Hapo ndipo penye kiini cha kisa chote hiki. Anayeishi kwa kusikiliza ndiye aliyepewa kalamu ya kuamua wengine waongee kwa siri kiasi gani. Sioni ajabu kwamba kila mara aliamua kiasi kidogo.

Mkono huo ulianza kuonekana zamani. Julai 1977 chama cha wahandisi wa umeme na elektroniki cha Marekani, IEEE, kilipokea barua kutoka kwa mwanachama wake, J. A. Meyer, akionya kwamba kuchapisha na kujadili utafiti wa usimbaji katika mikutano ya kimataifa huenda kukavunja kanuni za biashara ya silaha. Aliandika kama mtu binafsi, lakini waandishi wa habari hawakukawia kugundua kwamba ni mfanyakazi wa NSA. Shirika likasema halikumtuma. Hofu hata hivyo ilikuwa imekwisha kuingia vyuoni. Oktoba mwaka huohuo, kwenye kongamano katika Chuo Kikuu cha Cornell, Martin Hellman wa Stanford aliamua kusoma mwenyewe mada za wanafunzi wake wawili, nao wakasimama kando yake jukwaani bila kusema. Wanasheria wa chuo walikuwa wameshauri hivyo: profesa mwenye ajira ya kudumu akishtakiwa, chuo kitamtetea kwa urahisi zaidi kuliko mwanafunzi ambaye kazi yake ndiyo kwanza inaanza. Hakuna aliyekamatwa. Lakini wanahisabati walikuwa wamejifunza kutazama nyuma ya bega kabla ya kwenda ubaoni.

Kompyuta zilipoingia majumbani na maofisini, tatizo likahama kutoka kwa maprofesa kwenda kwa wafanyabiashara. Kampuni za programu zilitaka kuuza dunia nzima, na kila ombi la kibali liliweza kukaa miezi. Mwaka 1992 chama cha wachapishaji wa programu kilikaa na NSA wakaafikiana: programu itakayotumia mifumo miwili ya usimbaji, RC2 na RC4, kwa ufunguo usiozidi biti 40, itapitishwa haraka, ndani ya siku chache. Namba 40 haikutungwa na bunge wala haikupigiwa kura. Ilizaliwa katika mazungumzo kati ya wauzaji waliokuwa na haraka na shirika lililojua vizuri kompyuta zake zinaweza kuvunja nini.

Tupige hesabu kidogo. Ufunguo wa biti 40 una njia takriban trilioni 1.1 za kupangwa. Kwa binadamu ni nyingi mno, kwa kompyuta ni kazi ya muda tu. Kila biti inayoongezwa huzidisha kazi hiyo maradufu, hivyo ufunguo wa biti 56 ni mgumu mara 65,536 kuliko wa 40, na ule wa biti 128 hauvunjiki kwa kubahatisha hata ukikusanya kompyuta zote duniani. Netscape walipotoa kivinjari chao walilazimika kutengeneza matoleo mawili: la nyumbani lenye biti 128, na la kimataifa lenye 40. Agosti 1995 mtafiti Damien Doligez wa taasisi ya INRIA, Ufaransa, alikusanya kompyuta 120 hivi za kawaida na mbili tatu zenye nguvu zaidi, akalivunja lile la kimataifa kwa siku 8. Januari 1997 Ian Goldberg, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, alivunja ufunguo wa urefu huohuo kwa saa tatu na nusu.

Miaka hiyo ndiyo migahawa ya intaneti ilipoanza kufunguliwa Nairobi, Dar es Salaam na Kampala. Kwa mujibu wa sheria, kivinjari kilichoruhusiwa kutufikia kilikuwa hicho cha biti 40. Kilionyesha alama yake ya ufunguo pembeni, mtumiaji akaamini amekingwa. Ilikuwa danganya toto.

Lakini mfano unaonikera kuliko yote ni wa Lotus Notes, programu ya barua pepe na kazi za ofisi iliyotumiwa na serikali na kampuni kubwa duniani. Wateja wa nje walilalamika kwamba biti 40 ni kichekesho. Mwaka 1996 kampuni ikatangaza suluhisho: toleo la kimataifa sasa lingekuwa na biti 64. Ukisoma masharti kwa makini unakuta kwamba biti 24 kati ya hizo zilifungashwa ndani ya ujumbe wenyewe, zikasimbwa kwa ufunguo ambao NSA pekee ndiyo yenye uwezo wa kuufungua. Mhalifu wa kawaida akikabiliana na barua yako alikuta biti 64. NSA ilikuta 40, kama zamani. Kampuni haikulificha jambo hilo katika mkutano ilikotangaza toleo hilo, ila mkutanoni si mahali mnunuzi wa serikali anapokwenda kusoma. Mwaka 1997 Sweden ilishtuka kutambua kwamba programu hiyo ilikuwa ikitumiwa na wabunge wake na maafisa wa kodi. Baadaye Adam Back, Mwingereza mtaalamu wa usimbaji, aliifungua programu hiyo ndani akakuta ufunguo wa NSA umepewa jina: Big Brother, wa taasisi ya MiniTruth. Waliosoma riwaya ya George Orwell watatambua utani huo. Kuna mtu ofisini alijua vizuri alichokuwa akikifanya.

Malalamiko yalipozidi, Rais Clinton alitia saini amri nambari 13026 tarehe 15 Novemba 1996. Usimbaji wa kibiashara uliondolewa katika orodha ya zana za kivita, na vibali vikahamia Wizara ya Biashara. Ungedhani vita imekwisha. Haikuwa imekwisha. Amri hiyohiyo iliiingiza Wizara ya Sheria katika kamati ya kupitia maombi, na nyuma ya Wizara ya Sheria alikuwapo FBI, ambaye mpaka hapo hakuwa na kiti mezani. Kampuni iliyotaka kuuza nje usimbaji wa biti 56 ilipaswa kuahidi kwamba ndani ya miaka miwili itajenga njia ya mamlaka kupata funguo za wateja. Wizara ya Ulinzi, na NSA ndani yake, ilibaki palepale. Faili zilihamia dawati jipya, na waliosema ndiyo au hapana wakaongezeka.

Hoja yao ya kudumu bungeni ilikuwa ya faragha: mlango unafungwa, maafisa wanaeleza mambo ambayo hayawezi kurudiwa nje, na mbunge aliyeingia akiwa na mashaka anatoka akiwa kimya. Mwaka 1996 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilitoa ripoti nene juu ya suala hili. Kati ya wajumbe 16 wa kamati, 13 walikubali kupekuliwa na kuelezwa siri hizo. Walipotoka walisema kwamba maelezo ya siri si ya lazima ili kuelewa sera hii, na kwamba mjadala unaweza kuendeshwa hadharani. Kwangu mimi huo ndio ushahidi mzito kuliko wote katika sakata hili, na umesahaulika upesi mno.

Wakati Washington ikibishana, wengine walikuwa wanauza. Kule Australia, Eric Young alikuwa ameandika maktaba ya usimbaji iitwayo SSLeay, ambayo ndiyo mzazi wa OpenSSL inayotumika hadi leo. Hapa barani, kijana wa Afrika Kusini, Mark Shuttleworth, alianzisha kampuni ya Thawte mwaka 1995, akifanyia kazi katika gereji ya wazazi wake karibu na Cape Town. Moja ya bidhaa zake za mwanzo ilikuwa seva ya tovuti yenye usimbaji kamili, ambayo Wamarekani hawakuruhusiwa kuuza nje. Mteja wa Ulaya au Asia aliyekataliwa na muuzaji wa California aliweza kuipata kutoka Afrika Kusini. Thawte ikaendelea kukua katika vyeti vya utambulisho wa tovuti, na Desemba 1999 kampuni ya Marekani, VeriSign, ikakubali kuinunua kwa takriban dola milioni 575. Udhibiti uliokusudiwa kulinda ubora wa Marekani ulikuwa umesaidia kumjenga mshindani ambaye Wamarekani wenyewe walilazimika kumlipa.

Ulegezaji ulikuja kwa mafungu. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalilipuka kwenye balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam, yakaua zaidi ya watu 200. Mtu angetarajia baada ya hapo mashirika ya usalama yapate kila yalichoomba. Tarehe 16 Septemba, kabla ya wiki sita kutimia, Makamu wa Rais Al Gore alitangaza kwamba usimbaji wa biti 56 utauzwa nje bila ile ahadi ya kukabidhi funguo. Lakini hapo napo kuna la kutazama: miezi miwili tu kabla, Julai, taasisi ya kutetea haki za kidijitali, EFF, ilikuwa imejenga mashine isiyofikia dola 250,000 iliyovunja ufunguo wa biti 56 kwa saa 56. Kilichoruhusiwa kilikuwa kimekwisha kuvunjwa hadharani. Januari 2000 ndipo kanuni mpya zilipofungua njia kwa usimbaji wa nguvu kuuzwa nje, baada ya bidhaa kukaguliwa mara moja, na programu huria zikapata nafuu kubwa zaidi. Mahakama nazo zilikuwa zimeanza kuegemea upande wa profesa na mwanafunzi: Mei 1999 mahakama ya rufaa ya San Francisco, katika kesi ya Daniel Bernstein, ilisema kwamba msimbo wa programu ni maneno yanayolindwa na katiba. Hukumu hiyo iliondolewa baadaye ili kesi isikilizwe upya, lakini serikali ilikuwa imeona upepo unavuma kuelekea wapi.

Wengi huishia hapo wanaposimulia habari hii. Mimi naona ndipo inapotuhusu zaidi, kwa sababu udhaifu uliotengenezwa kwa ajili ya soko la nje haukuondoka pamoja na kanuni.

Machi 2015 watafiti wakiwemo wa INRIA na Microsoft walionyesha kwamba idadi kubwa ya seva duniani zilikuwa bado zinakubali funguo za "daraja la kuuza nje" za miaka ya 1990. Mdukuzi aliyekaa katikati ya mawasiliano aliweza kuzishawishi pande zote mbili zishuke kwenye daraja hilo, kisha akauvunja ufunguo kwa kompyuta za kukodi, kwa saa chache na takriban dola 100. Waliuita udhaifu huo FREAK. Miongoni mwa tovuti zilizokutwa nao ni ile ya NSA yenyewe. Miezi miwili baadaye ukafuata mwingine wa ukoo huohuo, Logjam.

Mwaka 2021 zamu ikawa ya simu. Wengi wetu tuliingia intaneti kwa simu mara ya kwanza kupitia GPRS. Usimbaji wake wa kwanza, GEA-1, uliosanifiwa mwaka 1998 chini ya taasisi ya viwango vya mawasiliano ya Ulaya, ETSI, ulitangazwa kuwa na ufunguo wa biti 64. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ruhr, Bochum, na wenzao waligundua kwamba nguvu yake halisi ni biti 40. Walijaribu kubahatisha miundo ya aina hiyo mara takriban milioni moja, na hata mmoja haukukaribia udhaifu ule. ETSI ikakiri kwamba udhaifu uliwekwa ili kutimiza kanuni za kuuza nje. Ile 40 ya mwaka 1992 ilikuwa imevuka bahari na kuingia mfukoni mwa mtumiaji wa simu. Ilikutwa hata ndani ya simu za mwaka 2017 na 2018, miaka kadhaa baada ya watengenezaji kukatazwa kuiweka.

Mwaka 2023 Waholanzi watatu wa kampuni ya Midnight Blue walitoa matokeo yao juu ya TETRA, mfumo wa redio za upepo unaotumiwa na polisi, zimamoto, bandari na viwanja vya ndege katika nchi nyingi. TETRA ina usimbaji wa namna kadhaa. TEA2 ni kwa vyombo vya usalama vya Ulaya. TEA1 ndio uliokusudiwa kuuzwa kwa wengine. Ufunguo wa TEA1 ni wa biti 80 kwenye karatasi, ila ndani ya mfumo kuna hatua inayoupunguza hadi biti 32. Hiyo ni njia bilioni 4.3 tu, na watafiti walizimaliza chini ya dakika moja kwa kompyuta ya kawaida. ETSI ilikataa kuuita mlango wa nyuma. Ilisema mfumo ulisanifiwa kwa kufuata kanuni za kuuza nje za wakati wake. Mimi sioni tofauti kwa askari ambaye redio yake inasikilizwa.

Kanuni zenyewe bado zipo, zimepungua makali tu. Ubia wa Wassenaar, unaoratibu udhibiti wa silaha na teknolojia yenye matumizi ya kijeshi, una nchi 42, na kutoka Afrika yumo Afrika Kusini peke yake. Kenya, Tanzania na Uganda hazimo, kwa hiyo orodha inapangwa bila wao, lakini inawagusa. Kijana wa Kinondoni au Kilimani anayepakia programu yake kwenye duka la Apple huulizwa kama inatumia usimbaji, na akikosa sifa za msamaha hudaiwa nyaraka za ziada, kwa sababu duka liko chini ya sheria ya Marekani.

Kwa hiyo nawaomba maafisa manunuzi wa vyombo vya umma katika nchi zetu, wanaoandika zabuni za redio, mitandao na programu: msiridhike na neno "imesimbwa" wala na namba ya biti iliyoandikwa kwenye brosha. Mtakeni muuzaji aandike kwa jina mfumo wa usimbaji uliomo, aseme kama ni toleo lilelile wanalouziwa polisi wa nchi yake, na atie sahihi. Zabuni ya TETRA isiyosema ni TEA ipi irudishwe.

Wiki ijayo, katika sehemu ya tatu, tutaeleza habari ya Crypto AG, kampuni ya Uswisi iliyouzia serikali nyingi duniani mashine za kusimba ilhali kuanzia mwaka 1970 ilikuwa mali ya CIA na ujasusi wa Ujerumani Magharibi.